Unga na Kitoto Kilichomo Tumboni

Katika miji yetu ya pwani mengi husemwa juu ya vijana walioharibiwa na unga, yaani heroini. Machache husemwa juu ya mwanamke mja mzito aliyeshikwa na uraibu huo, na machache zaidi juu ya kitoto alichokibeba. Hilo ndilo somo letu.

Kwanza, yatupasa kujua kwamba kondo la nyuma si ukuta. Unga hugeuka mwilini mwa mama kuwa mofini, nayo hupenya ikamfikia mtoto, hata mwili wake ukaizoea kama wa mamaye. Watoto hawa aghalabu huzaliwa na uzito pungufu, na wengine kabla ya miezi kutimia.

Pili, kitovu kikiisha kukatwa, mofini hiyo nayo hukatika ghafula. Kwa kawaida ndani ya siku 1 hadi 3 mtoto hushikwa na arosto: hutetemeka, hulia kwa sauti kali, halali, hanyonyi vyema, hutapika na kuharisha. Tusiseme ni kijicho au shetani. Ni maradhi yajulikanayo. Mwaka 1975 Dk. Loretta Finnegan na wenzake wa Philadelphia, Marekani, walichapisha kipimo cha dalili hizi. Tiba yake ni mahali patulivu, kupakatwa, kunyonyeshwa, na akizidiwa, dawa ya daktari.

Tatu, wako wamfungiao mja mzito chumbani ili aache unga kwa siku moja. Hilo ni hatari, kwani kuacha ghafula huweza kuharibu mimba au kuleta uchungu kabla ya wakati. Waganga wa hospitali hushauri apewe methadoni kila siku kwa kipimo. Malindi dawa hii ilianza kutolewa mwaka 2015. Mtoto aweza kuonyesha dalili hata hivyo, lakini atazaliwa mikononi mwa watu waliojitayarisha, na mama aliyetulia kwa dawa hiyo aghalabu huruhusiwa kunyonyesha.

Je, atakwenda kliniki mwanamke aliyefukuzwa na jamaa zake, akakemewa mbele za watu? Aibu humficha yeye, na humficha mtoto pamoja naye. Kitoto hakikuchagua unga. Basi amjuaye mja mzito wa namna hii na amshike mkono, amfikishe kwa daktari mapema, asingoje siku ya uchungu.