Itengeneze programu ukiiwazia siku mbaya

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi za jirani. Programu ambazo hata orodha ya bei huifuata kwenye seva ya Ulaya zilibaki zikizungusha duara. Ukitaka kuwatengenezea watu wetu programu, anzia siku kama ile.

Anza na pesa. Mteja wa duka la dawa anabonyeza "Lipa", simu inaganda, nyuma yake foleni imejaa na mtoto mgongoni ana homa. Atabonyeza tena. Usimlaumu; kazi ni yako kuhakikisha pesa yake haikatwi mara mbili. Kila malipo yapewe namba yake papo hapo kwenye simu, kabla ombi halijatumwa, na ombi likirudiwa liende na namba ileile. Seva ikikuta namba hiyo imeshashughulikiwa, irudishe jibu la mwanzo, basi. Halafu iwekee hifadhidata sharti la kutokubali namba moja mara mbili. Wengi huruka hatua hii wakidhani kuangalia kwanza kunatosha, kumbe maombi mawili yanaweza kufika kwa pamoja, kila moja likakuta namba haipo, na yote yakapita.

Maneno nayo yana uzito. "Hitilafu 504" humwacha mtu na wasiwasi tu. Mwandikie: "Malipo yako bado hayajathibitishwa. Usilipe tena. Tutakutumia ujumbe." Na ujumbe huo utumwe kweli, kwa sababu kuna mtu amesimama kaunta akiusubiri.

Kupima hakuhitaji mitambo. Chukua simu ya bei nafuu, anza malipo, zima data katikati, kisha iwashe. Fanya hivyo kila unapogusa sehemu ya malipo.

Somo jingine lilikuja Ijumaa, tarehe 19 Julai mwaka huohuo. CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, ilisambaza faili lenye kasoro, na kwa makadirio ya Microsoft kompyuta milioni 8.5 za Windows zikaanguka. Faili lilirekebishwa baada ya dakika 78, lakini mashine nyingi zilikuwa zimeshindwa hata kuwaka, ikabidi mafundi wazifuate moja moja. Viwanja vya ndege vilikwama, na hospitali zikaahirisha huduma. Kwa hiyo usiwapelekee watu wote toleo jipya kwa mkupuo. Wape wachache kwanza, tazama siku nzima, ndipo uongeze. Ijumaa jioni usitoe kitu: kikiharibika, anayelipa ni fundi aliyechoka, na watoto wake waliokuwa wakimsubiri nyumbani. Mimi naihesabu saa ya fundi kulala kuwa sehemu ya usanifu, maana aliyekesha hufuta asichopaswa kufuta.

Hatua za kurudisha toleo la zamani ziandike kwenye karatasi, pamoja na namba za simu za wahusika, kwani kompyuta inayozihifadhi inaweza kuwa ndiyo iliyozimika. Kisha mpe mwenzako ambaye hakushiriki kuziandika azifuate mwanzo hadi mwisho, nawe ukae kimya. Pale atakapokwama, rekebisha karatasi.