Fundi wa Kinga na Nyuki Wake

Pweto ni mji wa kando ya ziwa Mweru, mahali mto Luvua unapotoka ziwani na kwenda kukutana na mto Lualaba. Ng'ambo ya ziwa ni nchi ya Zambia. Watu wengi wa Pweto ni wavuvi, na chisense wakavu wa kwao huuzwa hata katika masoko ya Lubumbashi. Lakini ukiuacha mji na kupanda vilimani, utaona pori la miti ya muputu na mutondo. Huko ndiko kwenye nyuki.

Mtu wa somo hili si mvuvi. Kazi yake ni kutengeneza kinga, yaani baiskeli. Mchana hunyosha magurudumu na kuziba mipira. Jua likianza kushuka, huweka kando kazi ya watu na kushika kazi ya moyo wake. Nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, ana meza nzito, jiliwa, msumeno, randa, na sanduku lililojaa vitu ambavyo mtu mwingine angevitupa: kopo la maziwa, kipande cha mpira wa motokari, spoki zilizopinda. Mkewe humwuliza, "Baba, ubao huu si ule wa mlango wa kuku?" Naye hujibu, "Ndio ule, mama. Kuku watapata mwingine."

Babu yake alikuwa mrina asali. Alitengeneza mizinga ya gome, kama walivyofanya wazee wote wa pori lile. Alichagua muputu ulionyoka, akakata gome kuuzunguka mti, juu na chini, kisha akalibandua lote kama mtu anayevua koti. Gome lile alilifunga likawa mzinga mzuri, mwepesi, usiogharimu kitu. Lakini mti ukafa. Kwa nini ulikufa? Chakula cha mti hutengenezwa katika majani, na njia yake ya kushuka mpaka mizizini ni ndani ya gome. Gome likiondolewa pande zote, mizizi hufa njaa, na mti wote hukauka. Basi ili kupata nyumba ya nyuki, mti wa maua uliuawa, nao muputu ni mti ambao nyuki huutegemea sana mwisho wa kiangazi, kabla ya mvua kuja.

Fundi aliwaza sana neno hili. Upande wa Zambia alikuwa ameona mizinga ya sanduku, yenye viunzi vya mbao vilivyopangwa juu kimoja kando ya kimoja. Mizinga ya namna hii ilianza kutengenezwa huko Kenya karibu na mwaka 1971, kwa msaada wa wataalamu wa chuo kikuu cha Guelph, nchini Kanada. Nyuki hujenga sega chini ya kila kiunzi, na mwenye mzinga aweza kuinua sega moja bila kuyavunja mengine. Alipofika nyumbani, akasema moyoni, "Hilo nitaliweza." Akakata viunzi kwa kukadiria, kila kimoja upana wa vidole viwili vinene. Hakushika mita. Fundi wa miaka mingi, tena mita ya nini?

Nyuki waliingia, naye akafurahi. Baada ya miezi mitatu akaenda na mpwa wake kutazama. Alipovuta kiunzi cha kwanza, kikakataa. Alipovuta kwa nguvu, masega matatu yakavunjika pamoja, asali na majana yakamwagika chini. Kumbe nyuki hawakufuata viunzi. Walikuwa wamejenga mshazari, kutoka kiunzi hiki mpaka kile. Wakatoka kwa hasira. Mjomba na mpwa wakakimbia hata mtoni, na usiku ule jicho moja la fundi halikufunguka. Hayo yalikuwa maumivu madogo. Kubwa ni kwamba baada ya siku chache nyuki wote walihama, wakaacha mzinga mtupu.

Mtu mwingine angeacha. Yeye alingoja. Siku moja wachoma makala waliangusha mti wenye uvungu, na ndani yake mlikuwa na masega ya nyuki. Fundi akaja na mita yake ya chuma. Akapima kutoka katikati ya sega moja mpaka katikati ya lile la pili, tena na tena.

"Mjomba, unapima asali kwa mita?" mpwa wake akacheka.

"Napima nyumba," akajibu. "Hawa wenyewe ndio waalimu. Andika: milimita thelathini na mbili."

Na hicho ndicho kipimo cha nyuki wa Afrika. Nyuki wa Ulaya ni wakubwa kidogo, nao hutaka milimita 35. Ndani ya nafasi hiyo hutosha sega lenyewe, pamoja na njia ambayo nyuki wawili waweza kufanya kazi humo wamepeana mgongo. Ukizidisha, wao hufuata kipimo chao, si chako. Viunzi vya kwanza vya fundi vilikuwa na milimita 40.

Akaanza upya. Kila kiunzi alikipiga randa kikafika milimita 32, akapaka mstari wa nta katikati ili kuwaonyesha nyuki njia. Mbavu za sanduku akaziinamisha, chini pembamba, juu papana, ili masega yasishikane nazo sana. Ubavuni akatia kioo cha picha iliyovunjika, chenye kifuniko, apate kuchungulia. Jambo hili la kuchungulia si geni. Huko Uswisi palikuwa na mtu jina lake François Huber. Alikuwa kipofu, lakini alitengeneza mzinga unaofunguka kama kurasa za kitabu, na mtumishi wake Burnens alitazama kwa niaba yake na kumweleza yote. Mwaka 1792 Huber alitoa kitabu cha nyuki ambacho wenye macho walijifunza kwacho.

Mzinga ulitundikwa kwa waya katikati ya miti miwili, na waya zikapakwa mafuta machafu ya motokari, kwa sababu ya siafu. Kopo la maziwa na ule mpira vikawa chombo cha kupuliza moshi. Nyuki wakisikia moshi hujaza matumbo yao asali, tena moshi hufunika harufu wanayotoa ili kuitana vitani.

Jioni ya mavuno ilipofika, fundi alivuta kiunzi cha mwisho polepole. Sega likatoka limenyoka kama ukurasa. Alichukua masega yaliyozibwa kwa nta tu. Asali isiyozibwa ina maji mengi, nayo huchachuka. Yenye majana aliyarudisha.

Ndoo haikujaa. Mpwa wake akaitazama, kisha akautazama mti mkavu uliosimama karibu, wenye alama ya kisu cha babu pande zote. "Mjomba, tutengeneze mizinga mingapi?"

"Mbao za mlango wa kuku zimekwisha," fundi akasema. "Kesho tutauliza wavuvi masanduku mabovu."

Maulizo

1. Kwa nini mti hufa ukiondolewa gome pande zote?
2. Fundi alikosa wapi mara ya kwanza?
3. Sanduku lina urefu wa sentimita 96 kwa ndani. Vitaingia viunzi vingapi vya milimita 32?