Ushauri: Kalamu zangu zinanata, nifanyeje?

*Mzee, nakereza kalamu za mpingo na mninga hapa Mwenge. Ofisi moja iliniagiza kalamu 80 za kuwaaga wastaafu wao. Nilipeleka 20 za mwanzo zikiwa zinang'aa vizuri, lakini wiki haikuisha zikarudi. Zinanata na zina alama za vidole. Mwenzangu ananiambia nizipige vanishi tena, nipake kiwi juu, nipeleke zote siku ya malipo. Nifanyeje? – S. K., Dar es Salaam*

S. K. mwanangu,

Pole. Kazi iliyorudishwa inauma kuliko kazi iliyokosekana. Lakini ungekuwa na nia mbaya ungeshapeleka, usingekaa chini kuniandikia. Kwa hiyo hebu tuongee.

Kilichoharibika

Mpingo una mafuta yake ya asili, na mafuta hayo huzuia vanishi ya mafuta isikauke sawasawa. Juu unaona imekauka, ndani bado mbichi. Mtu akishika kalamu kwa muda, joto na jasho la mkono vinailainisha, na kidole kinaacha chapa. Ukipiga mkono mwingine wa vanishi juu ya ule mbichi, umeufungia ubichi ndani.

Mninga una lake. Vinyweleo vyake ni vikubwa. Usipoviziba kwanza, mwanga ukipiga, kila kishimo kinajitangaza.

Kisha kuna jambo hukuliandika, ila nalihisi. Chukua moja ya zile zilizorudi, uigeuzegeuze chini ya taa. Ukiona mikwaruzo myembamba inayoizunguka kalamu kama pete, hiyo ni alama ya msasa. Ulisugua mashine ikizunguka tu, ukaruka namba. Mng'ao hautoki kwenye kopo, mwanangu, unatoka kwenye msasa. Unachopaka juu hukikuza kilichopo chini, kiwe kizuri au kibaya.

Njia ulizonazo

*Nta.* Kwa mpingo, hii inatosha kuliko watu wanavyodhani. Ni mti mzito unaozama majini, na nyuzi zake zimeshikana mno. Ukiusugua hadi msasa laini kabisa, unang'aa wenyewe, na nta kidogo inaumalizia. Klarineti na oboe hukerezwa kwa mpingo huohuo, na hushikwa kwa mikono yenye jasho miaka nenda rudi. Nta itafifia, lakini mwenye kalamu akiisugua kwa kitambaa mng'ao unarudi.

*Shelaki.* Inakauka upesi na inapendeza macho. Ila huyeyushwa kwa spiriti, kwa hiyo kitakasa mikono au manukato yakiigusa, inalainika. Kwa fremu ya picha sawa. Kwa kalamu inayoshikwa kutwa, hapana.

*Supagluu nyepesi.* Hii ndiyo inayotoa mng'ao mgumu unaoutaka, na kwa mninga inaziba vinyweleo pia. Ila inataka subira. Kwenye mbao yenye mafuta, futa kwanza kwa asetoni na uache ikauke. Paka kwa karatasi ya tishu, mkono mwembamba mmoja baada ya mwingine, mashine ikizunguka polepole. Usiimwagie kiharakishi kwa pupa, itageuka nyeupe kama ukungu. Ikishakauka, isawazishe kwa msasa wa maji, kuanzia 800 hadi 2000, kisha malizia kwa kompaundi ya kung'arishia magari.

Hatari za mwili

Usipake supagluu kwa kitambaa cha pamba, wala usivae glavu za pamba. Ikikutana na pamba huchemka ghafla, inaunguza ngozi na inaweza kutoa moshi. Mvuke wake unachoma macho, kwa hiyo fungua madirisha na vaa miwani. Vumbi la mpingo nalo huwasha ngozi na kuziba pua. Barakoa ni sehemu ya kazi, usiione kama mapambo.

Kuhusu ushauri wa mwenzako

Hapa sikubembelezi. Kiwi juu ya vanishi mbichi itahamia kwenye mfuko wa shati. Mzee amefanya kazi miaka yote, anaagwa mbele ya wenzake, anaichomeka kalamu yako kwenye shati jeupe, na jioni mkewe anakuta doa jeusi lisilotoka. Ofisi nzima itajua ilitoka kwa nani. Utakuwa umelipwa kalamu 80 na kupoteza wateja usiowajua hata majina. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hizo zako zitajitembeza zenyewe hadi mlangoni kwa wateja wako.

Fanya hivi

Zile 20 zifungue, ondoa vanishi yote kwa msasa. Angalia mbao isishuke chini ya pete ya chuma, maana kidole kitahisi ngazi. Iliyoshuka, kereza nyingine.

Sugua kwa mpangilio: 240, 320, 400, 600. Kila namba, simamisha mashine na usugue kwa kufuata nyuzi za mbao mpaka mikwaruzo ya duara iishe, kisha pangusa vumbi kabla ya kwenda namba inayofuata. Hapo ndipo muda wako uende.

Za mpingo zimalizie kwa nta, za mninga kwa supagluu. Lakini kwanza maliza moja ya kila aina, uzitumie mwenyewe. Ziandikie, zishike na jasho la daladala, zitie mfukoni pamoja na funguo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wiki ikipita zikiwa salama, ndipo uendelee na nyingine.

Muda hautatosha, najua. Basi kabla hujawasha mashine kesho, ipigie ofisi ile simu. Waambie kilichotokea, wape tarehe mpya unayoweza kuitimiza, na kama sherehe haiwezi kusogezwa, waahidi idadi ndogo iliyo nzuri. Wakikata sehemu ya malipo, kubali. Wakiagiza tena mwakani, utajua umenunua nini kwa pesa hiyo.