Mahakama imempeleka mwanangu kwenye tiba: nimtoroshe Kigoma?

SWALI: Dada, mimi ni mama Mkongomani, naishi Columbus, Ohio. Mwanangu ana miaka 16, alizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Polisi walimkuta na bangi na vidonge viwili kwenye begi la shule. Mahakama ya watoto haikumfunga. Ilimweka chini ya afisa wa probesheni na kumwamuru aende kwenye kikundi cha tiba cha vijana weusi. Ukutani wamebandika Umoja, Kujichagulia, Ujima. Yeye anacheka wanavyoyatamka, kisha ananiambia: “Mama, mimi si Mmarekani mweusi, hawa hawanijui.” Baba yake anataka tumpeleke kwa mjomba wake Kigoma akanyooshwe. Nifanyeje?
Mama wa Bukavu

JIBU: Pole sana, mama. Tuanze na safari, maana hiyo haingoji. Mtoto aliye chini ya amri ya mahakama akiondoka nchini bila ruhusa ya jaji, amevunja amri, na kurudi kwake kutakuwa na matatizo. Huko Kigoma nako atafikia kwa mjomba asiyemjua, na hamu ya bangi ataondoka nayo. Familia nyingi za Kisomali zilizoko ughaibuni zimejaribu njia hiyo, zikawapeleka watoto kwenye vituo vya kurekebisha tabia Kenya na Somalia. Baadhi ya vituo hivyo vilikutwa vikiwafunga vijana minyororo na kuwapiga.

Pili, vile vidonge. Marekani sasa imejaa vidonge bandia vyenye fentanili, na kimoja tu kinaweza kuua. Nunua naloksoni ya kupuliza puani, dawa inayomzindua aliyezidiwa na fentanili. Tangu 2023 inauzwa bila cheti cha daktari. Iweke mahali ambapo kila mtu nyumbani anapajua.

Tatu, mwanao ana haki ya wakili. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua hivyo mwaka 1967 katika kesi ya Gerald Gault, mvulana wa miaka 15 wa Arizona. Mwambie wakili huyo azungumze na mwenzake wa uhamiaji kabla mtoto hajakiri au kusaini chochote zaidi. Kwa kawaida uamuzi wa mahakama ya watoto hauhesabiwi kuwa hatia ya jinai mbele ya uhamiaji, lakini mambo ya dawa za kulevya yana mitego yake.

Sasa turudi kwenye kikundi. Mwanao anasema yeye si Mmarekani mweusi. Askari aliyefungua begi lake hakumuuliza kabila. Tafiti za miaka mingi mashuleni zinaonyesha vijana weusi Marekani hawatumii dawa za kulevya zaidi ya weupe, ila kwa kiwango cha kufungwa wanawazidi zaidi ya mara 4. Hilo linamhusu mwanao, awe wa Bukavu au wa Chicago.

Maneno yale ya ukutani ni Nguzo Saba, alizoziunda Maulana Karenga wa California mwaka 1966 pamoja na sikukuu ya Kwanzaa. Baadaye mwanasaikolojia Frederick Phillips wa Washington alizitumia katika tiba ya familia nyeusi. Hao ni watu ambao babu zao walinyang'anywa lugha zao, wakachagua yetu. Asiwacheke, awafundishe kuyatamka.

Lakini mtoto ana hoja, maana bango halitibu mtu. Mtafiti Howard Liddle na wenzake walichunguza vikao vya tiba ya familia za wavulana weusi wenye matatizo ya dawa za kulevya, na mwaka 2001 wakatoa matokeo. Vijana walishiriki zaidi katika kikao kilichofuata pale walipokuwa wamezungumzia hasira zao, hisia ya kutengwa, na safari ya kutoka utoto kuwa mwanamume. Kwa hiyo muulize mshauri: mwanangu mnazungumza naye nini? Mweleze habari za kambi, za vita, za shule, kama alichekwa kwa lafudhi yake. Asipoambiwa, hatajua. Na muulize mshauri huyo, mtoto akiwepo: nini kinaandikwa kwenda kwa jaji, na nini kinabaki humu? Mtoto asipolijua hilo, hatafungua mdomo.

Mwombe pia afisa wa probesheni tiba inayohusisha familia nzima, ambapo mtaalamu hukutana na mtoto peke yake, na wazazi peke yao, kisha wote pamoja. Dai mkalimani wa Kiswahili bila malipo. Mahakama inawajibika kuwahudumia wasiojua Kiingereza. Usikubali mwanao akutafsirie. Kijana anayemsomea mama yake majibu ya kipimo cha mkojo wake mwenyewe atasoma anayoyapenda.

Baba yake naye aende. Hiyo safari ya kuwa mwanamume mvulana hawezi kujifunza kwa mshauri peke yake, na anayetaka mtoto anyooshwe asimwachie mjomba kazi hiyo.

Kikundi kikishindwa kabisa kumfaa, wakili aombe kwa jaji abadilishiwe. Asiache tu kwenda. Watoto wengi hurudishwa korokoroni si kwa kosa jipya, bali kwa kuvunja masharti, kama kukosa kuhudhuria.