Jino la Mnyama Lililogeuka Jiwe: Usiling'oe, Usilioshe, Usiliuze
Kijitabu cha elimu kwa wakazi wa Igoma, Mwanza



Kijitabu hiki ni chako wewe mchimba mchanga, dereva wa lori, na wewe mkazi wa Igoma mwenye ng'ombe au shamba huko Shinyanga na Igunga. Swali tunaloulizwa ni hili: jiwe nimelitoa shambani kwangu, serikali inaingiaje? Inaingia kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Taifa lilikuwa na miaka mitatu tu ya Uhuru lilipoamua kuilinda mifupa ya kale, na uamuzi huo tunajivunia.

Wapasua kokoto wasihangaike. Miamba ya itale ya Mwanza ilitokana na uji wa moto uliopoa kabla dunia haijawa na mnyama yeyote, kwa hiyo haina visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka jiwe. Visukuku hukaa kwenye mashapo: tope, mchanga na majivu ya volkano yaliyotulia na kugandamana.

Mfano wa karibu ni bonde la Manonga, ukishuka barabara ya Shinyanga na kupita Tinde. Miaka kati ya milioni 4 na 5 na ushei iliyopita palikuwa na maji na majani ya kutosha. Waliishi hapo viboko, swala wa jamii nyingi, nguruwe wakubwa aina ya Nyanzachoerus, na farasi wadogo wenye kwato tatu kila mguu: ya katikati ikibeba uzito, mbili za pembeni zikiwa ndogo. Miaka ya 1990 msafara wa mtafiti Terry Harrison ulichimba huko na kutoa mamia ya vipande. Nguruwe wa aina hiyo na farasi hao wenye kwato tatu hawapo tena duniani.

Sasa tusikilizane. Jino la juu la farasi huyo ni refu, na uso wake wa kusagia umejaa mikunjo ya enameli. Upande wa ndani kuna duara dogo la enameli lililojitenga peke yake. Kwa punda wa leo duara hilo limeungana na mikunjo mingine. Alama ndogo kama hiyo ndiyo inayomtambulisha mnyama, na enameli yenyewe hupimwa ili kujua kama alikula nyasi au majani ya miti. Ukilisugua kwa msasa, ukalipaka vanishi au ukaligonga kuona kama lina dhahabu ndani, umeviharibu vyote viwili. Dhahabu haimo.

Hatari kubwa zaidi ni kuliondoa mahali pake. Umri wa tabaka za Manonga ulikadiriwa hasa kwa kulinganisha wanyama wake na wa sehemu nyingine zilizopimwa, nguruwe wakiwa mashahidi wakuu. Jino likishatoka kwenye tabaka lake, hakuna mtaalamu awezaye kulirudisha. Tunarudia: usiling'oe. Hata ukiwa na nia njema ya kulipeleka ofisini, usiling'oe.

Ziwa Victoria nalo lina yake.  Kisiwani Rusinga, upande wa Kenya, imepatikana mifupa ya Rusingoryx, ndugu wa nyumbu aliyekuwa na nundu ya mfupa yenye uwazi juu ya pua. Mwaka 2016 watafiti walieleza kwamba huenda nundu hiyo ilimsaidia kutoa sauti nzito ya kuitana na wenzake. Yote hayo yamejulikana kwa sababu mafuvu yalichimbwa na wataalamu pale pale yalipolala.

Kuuza kisukuku au kukisafirisha nje bila kibali ni kosa. Kuchimba visukuku bila leseni ni kosa. Masharti ya leseni ni marefu na yanawahusu watafiti. Wewe yanakutosha haya yafuatayo. Simamisha sululu. Piga picha kwa simu, na weka kitu cha kupimia ukubwa kando yake. Funika kwa udongo ule ule, weka alama, kisha umjulishe mtendaji wa kijiji au mtaa siku hiyo hiyo. Anayekuahidi fedha, mtaje. Kama kipande kimekwishapakiwa kwenye lori pamoja na mchanga, kitenge kikiwa na udongo wake, usikifute, na dereva aandike shimo kilikotoka kabla ya kuondoka machimboni.