Mafuta Baharini na Uvumi: Jinsi ya Kuyapima Madai

Usiku wa tarehe 20 Aprili 2010 mtambo wa kuchimba mafuta uitwao Deepwater Horizon ulilipuka katika Ghuba ya Meksiko, kilometa zipatazo 66 kutoka pwani ya Louisiana, Marekani. Wafanyakazi 11 walipoteza maisha, na siku mbili baadaye mtambo ukazama. Kisima cha Macondo, ambacho mdomo wake ulikuwa katika kina cha meta 1,500 hivi, kiliendelea kutapika mafuta na gesi kwa siku 87, hadi kilipozibwa tarehe 15 Julai.

Pamoja na mafuta ulienea uvumi. Wapo waliodai kwamba mtambo ulilipuliwa na manowari ya nchi adui. Kwamba chini ya bahari limejikusanya povu kubwa la gesi ya methani ambalo likipasuka litazusha tsunami na kuangamiza mamilioni ya watu. Na kwamba mvua ya mafuta imeanza kunyesha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa mwanafunzi wa sekondari anaweza kuyapima madai ya namna hii kwa elimu aliyo nayo.

1. Je, methani ingeweza kuzusha tsunami?

Tsunami hutokea pale maji mengi mno yanaposukumwa kwa ghafla. Ile ya tarehe 26 Desemba 2004, iliyofika hadi pwani za Somalia, Kenya na Tanzania, ilisababishwa na mpasuko wa ganda la dunia wenye urefu wa zaidi ya kilometa 1,000 karibu na Sumatra. Kisima cha mafuta ni tundu lenye upana usiofika meta moja. Isitoshe, mafuta na gesi havikai ndani ya pango tupu, bali katika vitundu vidogo vya mwamba, kama maji yakaavyo katika sifongo. Kwa hiyo hapakuwa na povu la kupasuka.

Tukumbuke pia kanieneo. Kila meta 10 za kina huongeza takriban kanieneo ya angahewa moja. Hivyo katika meta 1,500 ni kama angahewa 150. Katika hali hiyo karibu methani yote iliyotoka iliyeyuka katika maji ya kina kirefu kabla ya kufika juu, na bakteria wakaitumia kama chakula.

2. Je, mafuta huweza kunyesha?

Mafuta ghafi ni mchanganyiko wa haidrokaboni nyingi. Zile nyepesi hugeuka mvuke mapema, kisha hutawanyika hewani na kuvunjwavunjwa kwa msaada wa mwanga wa jua. Zile nzito hazigeuki mvuke kwa joto la bahari. Hubaki majini au ufukweni kama lami. Basi ule utando wa rangi za upinde wa mvua uliowatisha watu barabarani ulitoka wapi? Mafuta yadondokayo kutoka kwenye magari yatosha kuueleza. Utando wenye unene wa milimeta 0.0005 huonyesha rangi hizo. Hivyo kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5, chaweza kufunika meta za mraba 10.

3. Wastani na mtego wake

Mwaka 2015 mahakama ya Marekani iliamua kwamba mapipa milioni 3.19 yaliingia baharini. Pipa moja ni lita 159, kwa hiyo ni meta za ujazo zipatazo 507,000. Ghuba nzima ina maji yapatayo kilometa za ujazo milioni 2.4. Tukigawanya, twapata sehemu moja ya mafuta kwa karibu sehemu bilioni tano za maji.

Je, tuseme basi kwamba hapakuwa na madhara? La hasha! Wastani huficha mahali. Mafuta hayakuenea sawasawa: yalichafua zaidi ya kilometa 2,000 za pwani, yakaua ndege, yakaharibu matumbawe ya kina kirefu, na pomboo wa Barataria Bay wakaonekana kuwa na maradhi ya mapafu. Wakati fulani zaidi ya theluthi moja ya maji ya Ghuba yaliyo chini ya serikali kuu ya Marekani yalifungwa kwa uvuvi, na wavuvi wakakosa riziki.

4. Kwa nini uvumi uliaminiwa?

Mwanzoni umma uliambiwa kwamba yanavuja mapipa 1,000 kwa siku, kisha 5,000. Baadaye wanasayansi walikadiria kuwa yalikuwa zaidi ya 50,000, yaani mara kumi au zaidi. Mwezi Novemba 2012 kampuni ya BP ilikubali kukiri makosa ya jinai, likiwamo la kulificha Bunge la Marekani ukweli kuhusu kiasi hicho. Penye ukweli uliofichwa, uvumi hupata rutuba.

Hata hivyo, kufichwa kwa jambo moja si ushahidi wa jambo jingine. Uchunguzi haukugundua manowari yoyote. Uligundua saruji iliyoshindwa kukizuia kisima, kipimo cha kanieneo kilichofasiriwa vibaya, na vali kubwa ya usalama iliyoshindwa kuziba. Uzembe hausisimui kama hadithi ya maadui, lakini ndio uliowaua watu 11. Anayemtafuta adui wa kubuni humwachia mzembe nafasi ya kuponyoka.

Kwa hiyo kipimo kiwe kimoja kwa wote. Anayetisha na anayetuliza waulizwe maswali yale yale: ni kiasi gani, kwa njia gani, na nani amepima?

Maswali ya kujadili

1. Lita moja ya mafuta yaweza kufunika eneo gani kwa utando wa unene wa milimeta 0.0005?
2. Eleza kwa nini haidrokaboni nzito hazigeuki mvuke kwa urahisi.
3. Chagua uvumi mmoja uliosikika katika eneo lenu. Ni vipimo gani vingeweza kuuthibitisha au kuukanusha?