Lisemwalo Lipo: Je, Mateso ya Mateka na Uingiliaji wa Kigeni Huchochea Ugaidi?

1.0 Utangulizi

Tangu picha za gereza la Abu Ghraib zilipoonyeshwa kwenye televisheni ya Marekani tarehe 28 Aprili 2004, swali moja limeulizwa mara nyingi: je, mateso wanayotendewa watu wanaokamatwa vitani, pamoja na majeshi ya kigeni kuivamia nchi ya watu, huzaa ugaidi? Wapo wanaojibu ndiyo bila kusita. Wapo pia wanaoliona swali lenyewe kuwa njia ya kuwatetea wauaji. Makala haya yanaitilia shaka misimamo yote miwili. Hoja yetu ni kwamba mateso hayazai itikadi kali. Mara nyingi itikadi hiyo huwa imekwisha kuzaliwa. Yanachofanya mateso ni kuipa itikadi hiyo ushahidi na kuiletea wasikilizaji. Tutaijadili hoja hii kwa kurejelea Iraki, kisha tutaitazama kwa ufupi katika mazingira yetu.

Huenda msomaji akauliza suala hili linamhusu vipi mwanafunzi wa Kiswahili. Linamhusu kwa sababu anayewasajili vijana ni msimulizi kabla ya kuwa mpiganaji. Husimulia hadithi yenye mhusika dhalimu, mhusika aliyedhulumiwa na shujaa anayelipiza kisasi, kisha humwalika msikilizaji achukue nafasi ya shujaa huyo. Uchambuzi wa hadithi ni kazi yetu.

2.0 Istilahi na Tasfida

Kiswahili kina maneno matatu ambayo vyombo vya habari huyachanganya. Mfungwa ni mtu aliyehukumiwa kifungo. Mahabusu ni mtu anayezuiliwa kabla ya kesi yake kuamuliwa. Mateka ni mtu aliyekamatwa vitani. Tofauti hii si ya kamusi tu. Katika ripoti yake ya Februari 2004, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilieleza kwamba baadhi ya maafisa wa ujasusi wa kijeshi walikadiria kuwa kati ya asilimia 70 na 90 ya watu waliozuiliwa nchini Iraki walikuwa wamekamatwa kimakosa. Tunapowaita wote hao "wafungwa", tunawahukumu kwa neno kabla ya hakimu kuwasikiliza.

Jambo la pili ni tasfida. Serikali ya Rais George W. Bush ilizungumzia "mbinu zilizoimarishwa za mahojiano" ilipokusudia vitendo kama vile kumnyima mtu usingizi na kummwagia maji usoni hadi ahisi anazama. Mtafsiri anayeipokea tasfida hiyo bila kuihoji anashiriki katika kuficha kilichomo. Kiswahili kina neno lake: mateso. Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 inayakataza, pamoja na vitendo vya kuwadhalilisha watu waliokamatwa.

3.0 Kinaya cha Abu Ghraib

Jina Abu Ghraib halikuwa geni kwa Wairaki. Wakati wa utawala wa Saddam Hussein, gereza hilo lililo magharibi mwa Baghdad lilijulikana kwa mateso na mauaji. Saddam aliwaachilia wafungwa wake mnamo Oktoba 2002. Marekani na washirika wake walipoivamia Iraki mnamo Machi 2003, walitangaza kwamba wanawakomboa raia kutoka kwa dhalimu. Miezi michache baadaye gereza lile lile lilikuwa limejaa tena, safari hii chini ya walinzi wa Kimarekani.

Picha zilionyesha watu waliovuliwa nguo, waliorundikwa mmoja juu ya mwingine, waliotishwa kwa mbwa, na mmoja aliyesimamishwa juu ya sanduku akiwa amefunikwa kichwa na kufungwa nyaya mikononi. Uchunguzi wa Jenerali Antonio Taguba ulithibitisha kuwa mateso hayo yalitendeka. Wanajeshi 11 walipatikana na hatia. Kifungo kirefu zaidi, cha miaka 10, alipewa Charles Graner. Hakuna afisa wa ngazi za juu aliyefungwa.

Hapa ndipo tunapokutana na kinaya. Dhalimu anapotesa, anatimiza yale ambayo watu wanayatarajia kwake. Anayejiita mkombozi anapotesa katika gereza la dhalimu yule yule, anavunja ahadi, na ahadi iliyovunjwa ina uchungu wake.

4.0 Namna Uchochezi Unavyofanya Kazi

Kwanza, mateso hugeuzwa kuwa ishara. Mnamo Mei 2004 kundi la Abu Musab al-Zarqawi lilisambaza video ya mauaji ya Mmarekani Nicholas Berg. Wauaji walidai kuwa wanalipiza kisasi cha Abu Ghraib. Berg alikuwa amevikwa nguo za rangi ya machungwa, kama zile za mahabusu wa Guantánamo. Miaka 10 baadaye, Agosti 2014, kundi la Dola la Kiislamu lilimvika mwandishi wa habari James Foley vazi la rangi hiyo hiyo kabla ya kumuua. Ishara ilikuwa imedumu muongo mzima.

Pili, uingiliaji wa kigeni huwaacha watu bila riziki na bila heshima. Mnamo Mei 2003 msimamizi wa Kimarekani, Paul Bremer, alilivunja jeshi la Iraki. Wanaume wengi waliojua kutumia silaha walipoteza kazi kwa amri moja, na baadhi ya waliokuwa maafisa wa jeshi hilo baadaye walikuja kuwa viongozi wa Dola la Kiislamu.

Tatu, kizuizi chenyewe hugeuka darasa. Katika Kambi Bucca, kusini mwa Iraki, watu wenye itikadi kali walizuiliwa pamoja na raia wa kawaida. Miongoni mwa waliozuiliwa huko mwaka 2004 alikuwemo Abu Bakr al-Baghdadi, ambaye Juni 2014 kundi lake liliuteka mji wa Mosul na kumtangaza kuwa khalifa.

5.0 Hoja Pinzani

Hata hivyo, tarehe zinatutaka tuwe waangalifu. Mashambulizi ya Septemba 11, 2001 yalitangulia uvamizi wa Iraki. Ofisi za Umoja wa Mataifa mjini Baghdad zililipuliwa tarehe 19 Agosti 2003, watu 22 wakauawa, akiwemo Sergio Vieira de Mello. Tarehe 2 Machi 2004 waumini wa Kishia waliokuwa wakiadhimisha Ashura katika miji ya Karbala na Baghdad waliuawa kwa mabomu. Matukio haya yote yalitokea kabla ya ulimwengu kuziona picha za Abu Ghraib. Isitoshe, waumini wale hawakuwa wavamizi wa kigeni, na wala hawakumtesa mtu.

Mfano wa Misri unatufaa pia. Sayyid Qutb, aliyekuwa mhakiki wa fasihi kabla ya kuwa mwanaitikadi, alifungwa na kuteswa chini ya utawala wa Gamal Abdel Nasser, na akanyongwa mwaka 1966. Mwelekeo wake wa kisiasa ulikuwepo kabla ya kifungo; gereza liliuongezea ukali. Kwa upande mwingine, maelfu ya watu walioteswa katika nchi mbalimbali hawakuwahi kushika bunduki. Mateso peke yake, basi, hayatoshi kumfanya mtu gaidi.

6.0 Mazingira Yetu

Ethiopia ilipoingia Somalia mnamo Desemba 2006, kundi la Al-Shabaab lilipata hadithi rahisi ya kusimulia: adui wa kigeni amevuka mpaka. Kenya nayo iliingia Oktoba 2011, na Al-Shabaab ikaitaja hatua hiyo kuwa sababu ya kushambulia Westgate mwaka 2013, ambako watu 67 waliuawa. Lakini mnamo Agosti 7, 1998, watu 213 waliuawa jijini Nairobi wakati Kenya haikuwa na jeshi Somalia. Kisingizio si lazima kiwe chanzo.

Hilo halituondolei wajibu. Mnamo Aprili 2014 maelfu ya watu, wengi wao wenye asili ya Kisomali, walikamatwa Eastleigh na kwingineko, na wengi wakapelekwa katika uwanja wa Kasarani. Msako wa aina hiyo humpa msajili kile ambacho hawezi kukibuni mwenyewe: shahidi wa kweli.

7.0 Hitimisho

Wahenga walisema: lisemwalo lipo, ikiwa halipo laja. Wenye itikadi kali walikuwa wakisema kwa miaka mingi kwamba mgeni anakuja kuwadhalilisha. Abu Ghraib ilikifanya kisemwacho kiwepo. Waliosita kuamini walionyeshwa picha.

Kueleza si kutetea. Watu 148 waliouawa katika Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, 142 kati yao wakiwa wanafunzi kama sisi, hawakumtesa mateka yeyote, na damu yao iko mikononi mwa waliowaua. Lakini serikali inayowatendea mateka na mahabusu kwa mujibu wa sheria humnyang'anya msimulizi wa chuki ukurasa wake wenye nguvu zaidi. Seneta John McCain, aliyeteswa akiwa mateka nchini Vietnam, alilifahamu hilo alipoongoza juhudi za kupitisha sheria ya mwaka 2005 ya kukataza ukatili dhidi ya watu wanaozuiliwa na Marekani.

Nasi wanafunzi wa Kiswahili, ambao baadhi yetu tutakuwa wahariri na watafsiri, tuna sehemu yetu: kuyaita mateso mateso, na mauaji mauaji, hata atendaye awe nani.